Vipande 27 bila menyu: historia fupi ya yoga ya nyumbani, kutoka Mysore mpaka Kaberebere



Leo tunaleta historia ya yoga ya nyumbani, ile ya kufuata video. Tunajua wengine watacheka. Watasema sisi watu wa kupanga foleni ya mgao tunatafuta nini kwenye mambo ya matajiri. Someni kwanza mpaka mwisho, halafu mcheke.

Kwetu ilianza mwaka 2020, wakati wa korona. Tarehe 20 Machi shule za Uganda zilifungwa, na baada ya siku chache usafiri wa umma ukasimamishwa na mikusanyiko ikakatazwa. Kikundi chetu kilikuwa cha mpira na ngoma. Vyote viwili vikakufa kwa pamoja. Tukabaki kila mtu na nyumba yake ya udongo na turubai lake juu. Shule zilikuja kufunguliwa kabisa Januari 2022. Mliokuwa hapa Nakivale mnajua ule muda ulikuwa mrefu namna gani.

Sasa, kabla barabara hazijafungwa, mmoja wetu alikuwa amepita Kaberebere, kwenye duka la kujaza filamu. Mnayajua yale maduka: unatoa memori kadi, unalipa, muuzaji anakujazia filamu za vita na nyimbo, na vitu vingine ambavyo hukuomba ili kadi ijae. Kwenye ile kadi tukakuta folda imeandikwa "Yoga". Ndani vipande 27 vyenye namba tu: 01, 02, 03. Hakuna maelezo. Ni mwanamke Mzungu kwenye mkeka, nyuma yake bahari, anaongea Kiingereza polepole.

Tukavicheza kwa kufuata namba. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Kipande cha 04 kilikuwa cha kupumua tu umekaa. Cha 05 kilikuwa cha kupinda mgongo kwenda nyuma kama upinde. Mwenzetu mmoja, ambaye asubuhi alikuwa amebeba gunia la mahindi kutoka shamba, akafuata kama alivyoona. Mgongo ukashika. Siku sita hakuweza kuchota maji.

Mama yake akatujia juu. Akauliza, "Hiyo vidio inamuona? Inajua kama alibeba gunia?"

Siku ile tuliona ni hasira ya mzazi tu. Baadaye, tulipoanza kusoma historia kwenye simu, bando likiwepo, tukaona mama aliuliza swali ambalo walimu wa yoga wenyewe wamehangaika nalo miaka mingi. Ndiyo maana tunaandika.

Kwanza, ni dini au si dini?

Wazazi wengine walikuwa na swali lao: "Hii si dini ya Bahindi?" Hatuwezi kudanganya mtu. Yoga imezaliwa India, ndani ya dini za kule. Maandiko ya zamani yalitafuta ukombozi wa roho, na viungo vya mwili vilichukua nafasi ndogo. Katika karne ya 15 kuna kitabu kinaitwa Hatha Yoga Pradipika, cha mtu aitwaye Svatmarama. Kinaeleza mikao 15 tu, na mingi ni ya kukaa.

Lakini kuna sehemu ya kitabu hicho ilitushangaza. Kinaeleza nyumba ya mtu wa yoga iwe ya namna gani. Iwe ndogo, yenye mlango mdogo, haina madirisha, na sakafu yake imesiribwa kwa samadi ya ng'ombe. Mtu akae humo peke yake afanye mazoezi. Ndugu zetu, hiyo si nyumba ya hapa? Banyankole majirani zetu ni watu wa ng'ombe, na ukuta wa kusiriba na samadi sisi wote tumeuona. Kumbe ile picha ya ukumbi mkubwa wa vioo na mikeka ya rangi imekuja juzi. Yoga ya nyumbani, kwenye chumba kidogo, ndiyo ya zamani.

Ila yule mtu wa chumba kidogo alikuwa na mwalimu wake. Alikuwa amefundishwa ana kwa ana, ndipo anajifungia. Hapo ndipo kuna tofauti kati yake na sisi wa folda.

Yoga hii ya kunyoosha na kupinda, ambayo dunia inaifahamu leo, ilipata sura yake hasa katika karne ya 20. Mmoja wa walimu wakubwa ni Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa mwaka 1888. Miaka ya 1930 alikuwa anafundisha kwenye jumba la mfalme wa Mysore, kusini mwa India. Vijana aliwakimbiza mikao ya nguvu, moja baada ya nyingine. Lakini mgonjwa au mzee alipomfikia, alimpa mazoezi mengine kabisa. Kadiri alivyozeeka ndivyo alivyoshika zaidi neno hili: zoezi lifuate mtu, mtu asilazimishwe kufuata zoezi. Kwa hiyo hiki tunachosikia leo kwenye simu, ati "chagua mazoezi yanayokufaa", si uvumbuzi wa kompyuta. Ilikuwa kazi ya macho ya mwalimu.

Mwaka 1938 Krishnamacharya alipigwa filamu, bila sauti, pamoja na mwanafunzi wake na shemeji yake B.K.S. Iyengar. Tunaweza kusema ni kati ya video za kwanza za yoga. Ukiitazama unaona mwili unavyokwenda, lakini hakuna anayekuambia uanzie wapi au uache lini.

Mkimbizi aliyeandika kozi ya nyumbani

Hapa kuna mtu tunataka kila kijana wa Nakivale amjue. Aliitwa Eugenia Peterson, alizaliwa mwaka 1899 Riga, mji uliokuwa chini ya dola ya Urusi. Baada ya mapinduzi ya 1917 alikimbia na mama yake, wakafika Berlin, Ujerumani. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Mwaka 1927 akaenda India, akajiita Indra Devi. Alipoomba kusoma kwa Krishnamacharya, mwalimu alikataa: yeye ni mgeni, tena mwanamke. Mfalme wa Mysore ndiye aliyemuombea mpaka akakubaliwa.

Akafundisha Shanghai wakati wa vita, kisha akafungua shule Hollywood, Marekani. Mwaka 1959 alitoa kitabu cha yoga kwa Wamarekani, na humo aliweka kozi ya wiki sita ya kufanya nyumbani. Mwanamke aliyehama nchi baada ya nchi ndiye aliyeona kwamba mwanafunzi wake huenda asimpate mwalimu mlangoni. Alifariki mwaka 2002 Buenos Aires, Argentina, akiwa na miaka zaidi ya 100.

Na yule Iyengar wa kwenye filamu? Alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, malaria, homa ya tumbo na kifua kikuu vyote vilimpitia. Labda ndiyo sababu aliwaelewa watu wasioweza. Mwaka 1966 alitoa kitabu kinachoitwa Light on Yoga, chenye picha karibu 600, na nyuma yake mpango wa wiki 300. Hesabu mwenyewe, ni karibu miaka sita. Pia alizoesha watu kutumia vitu: tofali la mbao, kamba, blanketi, kiti. Mkono haufiki chini? Weka tofali. Goti linauma? Kunja blanketi uweke chini yake. Kitabu hakikuoni, lakini ukiwa na tofali unaweza kupunguza zoezi wewe mwenyewe. Sisi tulipojua hili tulianza kutumia tofali za udongo na kitenge kilichokunjwa, na tangu siku hiyo hatujapata mgongo mwingine wa kushika.

Kutoka televisheni mpaka simu

Baada ya kitabu ikaja televisheni. Mwaka 1961 huko Los Angeles, Richard Hittleman alianza kipindi cha yoga. Mwaka 1970 mjini Cincinnati, mama mmoja aitwaye Lilias Folan naye akaanza chake, kikaja kuonyeshwa Marekani nzima. Watu walisogeza meza wakafuata sebuleni. Lakini televisheni ina saa zake. Mtoto akilia katikati ya kipindi, umekosa.

Kaseti ya video ya VHS, iliyotoka Japani mwaka 1976, iliondoa shida hiyo: unasimamisha, unarudisha, unafanya usiku. Mwaka 1982 Jane Fonda, mcheza filamu, alitoa kaseti ya mazoezi ya viungo iliyouzwa zaidi ya milioni moja. Haikuwa yoga, lakini ilizoesha dunia kufanya mazoezi mbele ya skrini nyumbani. Shida ya kaseti ni kwamba inakwenda mstari mmoja. Ni dakika 60 zilezile, kwa aliyelala vizuri na kwa aliyekesha na mtoto.

Dividii ilipokuja, mwishoni mwa miaka ya 1990, kikatokea kitu kipya. Dividii inaweza kukatwa vipande, na mbele yake kuna menyu. Watengenezaji wa yoga wakaona nafasi. Wakarekodi vipande vifupi vifupi: cha kupasha mwili, cha kusimama, cha mgongo, cha kupumzika. Halafu menyu inakuuliza: una dakika ngapi? Wewe ni mgeni au umezoea? Unataka nguvu au utulivu? Ukibonyeza, mashine inapanga vipande kwa mpangilio unaofaa jibu lako.

Hapo ndipo tulipoelewa folda yetu. Kijana anayefundisha kompyuta hapa kambini aliitazama akacheka sana. Akatuambia hii ilikuwa dividii ya kuchagua, mtu aliikopi vipande, akaiacha menyu. Vipande 27 havikutengenezwa vichezwe kwa namba! Tulikuwa na vifaa vyote vya nyumba, lakini ramani ilibaki kwa mwenye dividii.

Baadaye YouTube, iliyoanza mwaka 2005, ilifanya video kuwa bure, kama una intaneti. Tangu 2012 Adriene Mishler wa Texas amefundisha huko mamilioni ya watu. Zikaja pia programu za simu, moja inaitwa Down Dog: unachagua dakika, kiwango, sehemu ya mwili, hata sauti ya mwalimu, nayo inakutungia mazoezi mapya kila siku. Ni akili kubwa, hatukatai. Lakini hapa kwetu "bure" ina bei. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Bando la kutazama video ya nusu saa ni mafuta ya kupikia. Mama wa nyumba akichagua mafuta, nani atamlaumu?

Njia ya Nairobi

Jirani zetu Kenya walipita njia nyingine. Mwaka 2007 Mmarekani Paige Elenson alianzisha Africa Yoga Project jijini Nairobi, baada ya kukutana na vijana wa sarakasi waliotaka awafundishe. Badala ya kuwapa watu skrini, waliwafundisha vijana wa mitaa ya chini wawe walimu, wapate na kazi, warudi kufundisha mtaani kwao. Mwalimu anakuona, anashika goti lako, anakuambia acha. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia bora, na tunaomba mashirika yanayosoma hapa yaifikirie. Lakini mwalimu mmoja hawezi kuzunguka Base Camp, Juru na Rubondo kila siku. Na kuna watu ambao hawatakuja mbele ya watu hata ukiwalipa boda.

Mmoja wao ndiye aliyetubadilisha.

Kifungo ambacho hakikuwepo

Mwaka 2022, mikusanyiko iliporuhusiwa, mama mmoja alianza kuja. Ni jirani yetu, ametoka Kongo, hatutasema kijiji. Alikuwa halali usiku, akasikia kwamba mazoezi haya yanasaidia usingizi. Siku ya pili tulifika mwisho, pale sauti inaposema lala chali, fungua mikono, funga macho. Mama akalala. Baada ya muda kidogo akasimama ghafla, anatetemeka, akatoka na kiatu kimoja. Kingine tulimpelekea jioni. Hakutufungulia.

Tulikaa tukajiuliza. Kwa mwanamke aliyepitia vita, kulala chali macho yamefungwa, watu wamemzunguka, mlango umefungwa, hiyo ni kupumzika? Menyu inauliza dakika na kiwango. Haina kifungo cha kusema "usinilaze chini". Ile ya mama wa gunia ikaturudia kichwani: hiyo vidio inamuona?

Tukatafuta, tukakuta si sisi wa kwanza. Boston, Marekani, tangu miaka ya 2000 walikuwa wanafanya yoga kwa watu waliojeruhiwa moyoni. Mwaka 2014 Bessel van der Kolk na wenzake walitoa utafiti wa wanawake 64 ambao maumivu yao ya akili yalikuwa hayajasikia matibabu. Kwa wiki 10 nusu walifanya yoga, nusu walipata mafunzo ya afya. Mwishoni, zaidi ya nusu ya wale wa yoga hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Kwa kundi lingine ilikuwa karibu mmoja kati ya watano. Na mwalimu wao hakuamuru. Alisema: ukipenda, unaweza kufunga macho, au yaache wazi. Unaweza kuacha wakati wowote. Mtu ambaye mwili wake ulifanyiwa mambo bila ruhusa anaanza kwa kuchagua vitu vidogo.

Msisome hapa kwamba yoga inatosha. Waliofanya utafiti wenyewe waliiweka pamoja na matibabu mengine. Mwenye shida ya namna hii apelekwe kwa mshauri wa kituo cha afya, na sisi tunaweza kumsindikiza.

Tulivyotengeneza menyu yetu

Mliokulia Uganda mnajua vibanda vya video na VJ. Filamu ya Kichina au ya Marekani inapigwa, VJ anaongea juu yake kwa Kiganda, anafafanua, anaongeza utani, anaruka sehemu isiyofaa. VJ Jingo anajulikana nchi nzima. Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu. Watu hawa walichukua video isiyotuona wakaifanya ituone kidogo. Tukasema, kwa nini sisi tusifanye?

Mwanzoni tulizima sauti ya yule Mzungu, mmoja wetu akawa anaongea Kiswahili pembeni. Kisha tukaona tujirekodi wenyewe, maana vile vipande havikuwa mali yetu. Tulitumia simu moja, mkeka mmoja, mbele ya nyumba kabla jua halijawa kali. Tukapata vipande 14, kila kimoja dakika tatu mpaka sita, kwa Kiswahili na Kirundi. Havihitaji bando. Vinapita kwa Bluetooth au memori kadi.

Na menyu yetu ni karatasi. Haiulizi kama wewe ni mgeni au bingwa. Inauliza: Leo umebeba mzigo? Una mimba? (Hapo inakuambia muulize nesi kwanza.) Umekula? Chumba kina watu wangapi? Unataka kukaa, kusimama au kulala? Unataka macho wazi? Kila jibu lina namba za vipande. Ambaye hajala tangu asubuhi anapata kupumua na kunyoosha shingo, basi. Hatumpindishi mtu mwenye njaa.

Tulimpelekea yule mama kadi kupitia binti yake, bila maneno mengi. Wiki nyingi kimya. Halafu binti akatuambia: mama anafanya namba 3 na namba 9 asubuhi, amekaa kwenye kigoda, mlango wazi, macho kwenye njia. Usiku mwingine analala, mwingine halali. Kwenye kikundi hajarudi, na hatumuulizi.

Tarehe 21 Juni ni Siku ya Yoga ya kimataifa, Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014 na ikaanza 2015. Siku hiyo mtaona picha za viwanja vimejaa watu wamevaa nguo za rangi moja. Ni nzuri. Sisi tutakuwa Base Camp na kadi zetu. Njoo na simu yako, tunakuwekea vipande bila malipo, na mwenye mgongo wake aje aseme mapema.

Sauti ya Kisomali bado hatuna. Dada zetu Wasomali wametuambia wanataka vipande vyenye sauti ya mwanamke, na mtu anayeonekana awe amejistiri. Ni sawa kabisa. Kama unaweza kusoma maelekezo kwa Kisomali, tutafute. Mkeka tunao.